HOMA IKIONDOKA, MWILI BADO HAUJARUDI

Mazungumzo kuhusu joto, mvuke na mgonjwa anayepata nafuu

  Popote ulipo, Malindi mjini, Watamu, Gongoni, Marafa, Ganze, Bamba, Kaloleni au Takaungu, vuta kiti au tandika mkeka, ukae tuzungumze.

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hatulipi uzito. Mtoto ameugua malaria. Amepimwa, amepewa dawa, na dawa amezimaliza. Homa imeshuka. Anacheka, anaomba chakula. Wewe mama unashukuru Mungu na kusema, "Amepona." Kesho yake unamtuma dukani saa saba mchana, au unakwenda naye shamba, au nyanya yake anasema, "Tumfukize kidogo, uchafu wa ugonjwa umtoke." Hapo ndipo mambo huweza kuharibika.

Neno ninalotaka ulishike leo ni hili: homa ikiondoka, mwili bado haujarudi. Mtu aliyetoka kuugua hawezi kuvumilia joto kama alivyolivumilia zamani. Jua lile lile, jiko lile lile, mvuke ule ule aliouzoea, sasa vinaweza kumwangusha.

Kisa changu mwenyewe

Mimi ni muuguzi, lakini kosa hili nimelifanya na mwanangu mwenyewe. Alikuwa na miaka sita. Ilikuwa mwezi wa Juni, baada ya mvua za masika, wakati mbu ni wengi. Akashikwa na malaria. Alipimwa, akapewa dawa ya siku tatu, akaimaliza. Siku ya nne nikaenda naye kumwamkia mavyaa wangu.

Mavyaa alikuwa ametayarisha chungu. Ndani alikuwa ametia majani ya mkilifi, ule mti ambao wengine huuita mwarobaini, pamoja na mchaichai. Maji yalikuwa yakitokota. Nilijua mtoto hakufaa kufukizwa. Lakini niliona haya kumkatalia mama wa mume wangu mbele ya watu, nikanyamaza. Mtoto akafunikwa blanketi. Alipotoka jasho lilikuwa likimtiririka kama mtu aliyemwagiwa maji, na kila mtu akafurahi.

Baada ya muda mfupi tukaaga, tukatembea kwenda stendi. Jua la mchana lilikuwa kali. Mtoto akaniambia, "Mama, miguu yangu haina nguvu." Nikamwambia, "Jikaze baba, tumekaribia." Hatua chache mbele akaanguka, macho yamegeuka, mwili umelegea.

Watu wakatusaidia kumweka chini ya mwembe. Tukamlaza, tukamvua shati, tukampepea kwa kanga yangu. Akazinduka. Mwendesha bodaboda akatukimbiza hospitali. Ikaonekana kwamba damu yake ilikuwa imepungua kwa ajili ya malaria, na maji ya mwili yalikuwa yamepungua pia. Daktari akaniuliza swali moja tu: "Mama, leo amekunywa nini?" Nikafikiri. Nilikumbuka nusu kikombe cha chai ya asubuhi.

Mwanangu alipona. Lakini swali lile halijanitoka. Na simlaumu mavyaa. Yeye alifanya alilorithi kwa wazee wake, na alilifanya kwa mapenzi. Aliyejua ni mimi, na mimi ndiye niliyenyamaza. Ndiyo sababu leo nazungumza nawe.

Mwili hujipoza vipi?

Ili tuelewe, tuangalie mtungi wa maji ulioko pembeni mwa nyumba. Maji ya mtungi ni baridi hata siku ya jua. Kwa nini? Kwa sababu mtungi unatoa jasho. Maji kidogo hupenya kwenye udongo, upepo huyachukua, na yanapokwenda huenda na joto. Mwili wa binadamu hufanya vivyo hivyo. Damu hubeba joto kutoka ndani hadi kwenye ngozi, jasho hutoka, upepo hulikausha, na mwili hupoa.

Kwa kazi hiyo mwili unahitaji vitu vitatu. Kwanza, maji na chumvi ya kutosha kutengeneza jasho. Pili, damu ya kutosha na moyo wenye nguvu ya kuisukuma mpaka kwenye ngozi. Tatu, hewa inayopita ili jasho likauke.

Sisi watu wa pwani tunajua taabu ya hilo la tatu. Kaskazi inapomalizika na mvua hazijaanza, hewa hujaa unyevu. Jasho linatoka lakini halikauki, linachuruzika tu. Watoto hupata harara shingoni na kwapani. Hata mtu mzima mwenye afya huhisi uzito. Je, aliyetoka kitandani jana atakuwaje?

Ugonjwa unaondoa nini?

Ugonjwa humwondolea mtu vile vile vitu ambavyo mwili hutumia kujipoza.

Huondoa maji na chumvi. Mwenye homa hutoka jasho, hupumua haraka, na hali wala hanywi kama kawaida. Akiharisha au kutapika, hupoteza zaidi. Homa inaposhuka, mtungi wake unakuwa nusu.

Huondoa damu. Vijidudu vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Dawa huua vijidudu, lakini chembe zilizopasuka hazirudi siku hiyo. Mwili huchukua wiki kadhaa kutengeneza nyingine. Ndiyo sababu mtoto aliyemaliza dawa anaweza kuwa na viganja vyeupe, akachoka upesi, na moyo ukamwenda mbio kwa kazi ndogo.

Huondoa mazoea ya joto. Hili wengi hawalijui. Mwili unaofanya kazi juani kila siku hujifunza: hutoa jasho mapema, na jasho hilo huwa na chumvi kidogo. Mafunzo hayo huchukua wiki moja hadi mbili. Lakini mtu akilala ndani kwa siku nyingi, mwili husahau. Mama aliyekuwa akilima kutwa, au kijana anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni, akiugua kwa wiki mbili hurudi juani kama mgeni.

Si malaria peke yake. Nimonia, homa ya matumbo, surua, kuhara, Korona, na zile homa za mbu wa mchana, yaani dengi na chikungunya, ambazo zimewahi kuzuka hapa pwani, zote huacha mwili ukiwa dhaifu kwa siku au wiki. Kwa dengi kuna jambo moja la kuangalia sana. Hatari kubwa mara nyingi huja wakati homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Mgonjwa wa dengi akianza kuumwa sana na tumbo, kutapika mara kwa mara, kutoka damu puani au kwenye fizi, au kulegea, arudishwe hospitali mara moja hata kama mwili umepoa. Na asipewe aspirini wala Brufen kwa homa hiyo, atumie paracetamol.

Je, kufukiza kunasaidia?

Sasa tuje kwenye chungu. Najua jambo hili lina heshima yake. Wazee wetu wametumia mkilifi, mchaichai, majani ya mlimau na mkaratusi tangu zamani. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia na kaunti zetu za pwani zikafungiwa safari, nyumba nyingi huku kwetu na nchi jirani ya Tanzania zilijifukiza kila jioni. Kwa hiyo sitaki kudharau. Nataka tufahamu kinachotokea chini ya blanketi.

Watu husema, "Jasho likitoka, ugonjwa unatoka." Sivyo. Jasho ni maji na chumvi ya mwili wako. Vijidudu vya malaria viko ndani ya damu na ini, na mvuke hauwezi kuvifikia huko. Vivyo hivyo virusi vilivyoko ndani ya mapafu.

Utaniuliza, "Mbona tukimfukiza homa inashuka?" Swali zuri. Homa ya malaria ina tabia ya kuja na kwenda. Mtu hutetemeka kwa baridi, kisha mwili huwaka, kisha jasho humtoka lenyewe na homa hushuka kwa muda. Mara nyingi tunapomfunika blanketi anapotetemeka, jasho lile lilikuwa linakuja hata bila chungu. Chungu kinapata sifa, na vijidudu vinaendelea kuzaana. Kesho au kesho kutwa homa inarudi, na siku zimepotea. Kwa mtoto mdogo, malaria iliyocheleweshwa siku moja au mbili inaweza kumletea degedege na kuchukua uhai wake.

Kuna hatari nyingine tatu. Ya kwanza ni kuungua. Chungu cha maji yanayotokota chini ya blanketi, na mtoto anayejitupatupa, ni ajali inayosubiri. Ya pili ni kuzimia, kwa sababu mvuke hufungua mishipa ya ngozi, damu hushuka, na kichwa hukosa. Ya tatu ni jiko la makaa. Usiingize jiko linalowaka katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya kumfukiza au kumpasha mtu moto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Hata wenzetu wa Finland, ambao sauna kwao ni kama kisima kwetu, chumba chenye joto la nyuzi 80 na zaidi, hushauriwa wasiingie wakiwa na homa. Na hapa kwetu baadhi ya hoteli za Malindi na Watamu zina vyumba vya mvuke kwa ajili ya wageni. Wewe unayefanya kazi huko, au jikoni, au kwenye chumba cha kufulia na kupigia pasi, ukitoka kuugua mwombe msimamizi wako kazi ya mahali penye hewa kwa siku za kwanza.

Basi tushike hivi. Mtoto asifukizwe, awe mgonjwa au anapata nafuu. Mjamzito asifukizwe. Mwenye homa, aliyepungukiwa damu, mwenye ugonjwa wa moyo, presha, sukari, pumu au kifafa asifukizwe. Mtu mzima mwenye mafua tu anayetaka kuzibua pua anaweza kukaa karibu na bakuli la maji ya moto lililowekwa mezani pasipotikisika, bila kujifunika blanketi, mlango ukiwa wazi, na watoto wakiwa mbali.

Mama aliyejifungua

Nisiwasahau wazazi wetu wapya. Huku pwani mama akijifungua hukandwa kwa maji ya moto, na wengine hufukizwa, mpaka arobaini itimie. Kukandwa kwa mikono ya mtu anayekupenda ni faraja. Lakini kumbuka kwamba mama huyu amepoteza damu. Akimwagiwa maji ya moto sana chumbani pasipo na hewa, anaweza kuona giza na kuanguka, pengine na mtoto mikononi.

Ikiwa mnamkanda, maji yawe ya uvuguvugu ambayo mkono wa mkandaji unaweza kukaa ndani bila kuuma. Mama akae, asisimame. Anywe maji au uji kabla. Mlango uwe wazi kidogo. Asimwagiwe wala asikaliwe na maji ya moto kwenye mshono au jeraha. Na ikiwa ana homa, kichwa kikali, damu nyingi, au uchafu wenye harufu mbaya, hayo si mambo ya kukandwa. Ni mambo ya hospitali, leo hii.

Lakini katika arobaini kuna hekima ambayo napenda tuichukue. Wazee walijua kwamba mtu akishapita kwenye jambo zito, apumzishwe kivulini, alishwe vizuri, wengine wamfanyie kazi. Kila anayetoka kuugua anahitaji arobaini yake ndogo. Hiyo ndiyo mila ya kumpa mtoto wako aliyetoka kwenye malaria.

Ngazi ya kurudi juani

Mgonjwa arudi kwenye joto kama anayepanda ngazi, kipago kimoja kimoja.

Kipago cha kwanza, siku za homa. Apumzike kivulini penye upepo, avae nguo nyepesi. Usimfunge kwa mablanketi hata akisema anasikia baridi. Shuka moja yatosha.

Kipago cha pili, siku mbili tatu baada ya homa kuisha. Akae nyumbani, acheze taratibu. Nje atoke asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi.

Kipago cha tatu, wiki ya kwanza. Shule anaweza kurudi akiwa na nguvu na anakula, lakini umwandikie mwalimu asicheze mpira wala kukimbia juani, na aende na chupa yake ya maji. Mtu mzima aanze na kazi ya muda mfupi asubuhi, apumzike kivulini kila mara.

Kipago cha nne, wiki ya pili. Aongeze kidogo kidogo. Akichoka, akisikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio, ashuke kipago kimoja. Aliyelazwa hospitali, aliyeongezwa damu, au aliyeugua nimonia au Korona kali anaweza kuhitaji wiki nyingi zaidi. Mwulize mhudumu wako wa afya. Haraka haraka haina baraka.

Angalia na nyumba yenyewe. Nyumba ya makuti hupumua, ya mabati huwaka mchana. Kama yako ni ya mabati, mtandikie mgonjwa chini ya mti au barazani saa za mchana. Fungua madirisha yanayoelekeana ili upepo upite. Lakini usiku, hata joto likizidi, usitoe neti. Utafiti uliofanyika hapa hapa Kilifi katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba neti zilizotiwa dawa zilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa karibu theluthi moja. Mtoto aliyetoka kwenye malaria hana damu ya kupoteza kwa malaria nyingine.

Anywe nini?

Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, bila kusubiri aombe. Mtoto anayepata nafuu husahau kiu.

Maji safi yaliyochemshwa au kutiwa dawa ni mazuri. Uji mwepesi ni mzuri. Dafu ni zuri, na Mungu ametujalia minazi. Lakini dafu lina chumvi kidogo mno kwa mtu anayeharisha, kwa hiyo haliwezi kuchukua nafasi ya ORS. Koroga ORS kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, si zaidi wala pungufu. Kama pakiti haipatikani, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, ukoroge. Mtoto anayeharisha apewe pia vidonge vya zinki kutoka zahanati.

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake, hata kukiwa na joto kali. Si maji, si dafu. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, usiku na mchana, na wewe mwenyewe unywe maji ya kutosha. Ila kama mhudumu wa afya amekuagiza umpe ORS kwa sababu ya kuhara, fuata maagizo yake.

Ili kurudisha damu, mpe maharagwe, kunde, mchicha, kisamvu, samaki, mayai, na nyama au maini ukijaliwa. Embe, chungwa au limau katika chakula husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai usimpe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia madini hayo.

Kuna watu wa kuangaliwa zaidi. Mwenye selimundu, ugonjwa tulio nao pwani, akikaukiwa na maji hushikwa na maumivu makali ya mifupa; huyu asikose chupa ya maji kamwe. Mzee anayetumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza, hupoteza maji upesi na huenda asihisi kiu. Usimwachishe dawa, mpeleke zahanati waiangalie baada ya ugonjwa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize daktari anywe maji kiasi gani. Na mwenye sukari asilewe kwa soda wala madafu mengi.

Utajuaje kwamba maji yametosha? Tazama mkojo. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, ni vizuri. Ukiwa wa manjano mazito na kidogo, ongeza vinywaji. Lakini ukiwa mwekundu au mweusi kama chai isiyo na maziwa, baada ya malaria, usingoje. Nenda hospitali.

Dalili za hatari

Mpeleke mgonjwa hospitali haraka ukiona moja ya haya:

- Homa imerudi. Apimwe tena, usikisie wala usimpe dawa zilizobaki za mwenzake.
- Hawezi kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu.
- Amelegea, amechanganyikiwa, haamki vizuri, au amepata degedege.
- Anapumua haraka au kwa shida.
- Viganja na midomo ni vyeupe, au macho yamekuwa ya manjano.
- Hajakojoa kwa saa sita au zaidi, macho yamezama, au utosi wa mtoto mchanga umebonyea.

Ukimkuta ameanguka kwa joto

Mtoe juani. Mlaze kivulini. Mvue au mlegezee nguo. Lowesha mwili wake kwa maji, shingoni, kwapani na kwenye mapaja, na umpepee. Akiwa na fahamu, mpe maji au ORS kidogo kidogo. Akiwa hana fahamu au amechanganyikiwa, usimtie kitu chochote mdomoni, mlaze ubavu. Akiwa na degedege, usimtie kijiko kinywani, usimshike kwa nguvu. Nyumba nyingine husema ni nyuni amemwingia, wakaenda kwa mganga kwanza. Nakusihi, hospitali iwe ya kwanza. Panadol haishushi joto la jua. Mwili unaowaka na akili iliyochanganyika ni hatari ya kufa, kwa hiyo endelea kumlowesha njiani mpaka mfike.

Kuzungumza na wazee

Najua unalofikiri. "Nitamwambiaje mavyaa?" Usimwambie mbele ya watu kwamba anakosea. Mwendee mapema, mkae wawili. Mwambie, "Mama, hospitali wamesema damu ya mtoto imepungua, mvuke unaweza kumwangusha. Naomba unisaidie kumlea arobaini yake ndogo. Wewe unajua kupika uji wake kuliko mimi." Mpe kazi, usimpokonye heshima. Mimi nilipomweleza mavyaa wangu, aliniuliza tu, "Mbona hukuniambia siku ile?" Tangu hapo yeye ndiye mkali zaidi. Mjukuu akitoka kuugua, hatoki barazani mpaka nyanya aseme.

Kwa ufupi, wapenzi wasikilizaji

Homa ikiondoka, mwili bado haujarudi. Jasho ni maji ya mwili, si ugonjwa unaotoka. Mtoto asifukizwe. Mpe kinywaji kabla hajaomba. Mrudishe juani kwa ngazi. Na mtoto akikuambia miguu haina nguvu, usimwambie ajikaze. Simama, tafuta kivuli.

 Mungu awalinde watoto wetu. 

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Nyumbani kwenu, mtu anayetoka kuugua hufanyiwa nini? Ni lipi zuri la kuendelezwa, na ni lipi la kuachwa?
2. Mtoto wa jirani amemaliza dawa ya malaria jana. Leo mchana umemkuta akichota maji juani. Utamwambia nini mama yake?
3. Nani kati yenu anaweza kuonyesha jinsi ya kukoroga ORS?
4. Igizeni: mmoja awe mkaza mwana, mwingine awe mavyaa aliyekwisha kuteleka chungu.